Kosa la Mzee Mapema

Kwa heshima na taadhima, tunatangaza mbele ya wasomaji wote kwamba yafuatayo ni masimulizi ya urithi mkuu wa muziki wa mji, na ya mabingwa waliopuliza, waliopiga na walioimba mpaka kuta za ukumbi wa zamani zikatoka jasho. Wasomaji wasimame wima. Wenye kofia wavue.

Sasa mnaweza kukaa, maana ukweli ni kwamba hii ni habari ya meno. Meno ya juu, ya bandia, ya mzee mmoja, ambayo asubuhi habari hii inaanza yalikuwa ndani ya glasi ya maji dirishani, yakiwachekea wapita njia.

Mwenye meno aliitwa Mapema. Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho na halimhusu mtu. Zamani alipuliza tarumbeta katika bendi ya ukumbi ule. Bendi ilirekodi nyimbo nyingi, lakini mmoja ndio uliozipita zote, na unajulikana kwa kosa. Mwimbaji anavuta neno la mwisho la ubeti, analivuta kwa raha zake kama mtu anayejinyoosha kitandani, na kabla hajafika mwisho tarumbeta linaingia. Pa-pa-pa-paa! Si zamu yake. Mwimbaji anakatika kama aliyefungiwa mlango usoni. Mpiga ngoma anaruka kumfukuzia mwenzake. Kisha wote wanaendelea kana kwamba hakuna aliyemkanyaga mtu. Siku hiyo bendi nyingine ilikuwa inasubiri nje ya studio, hapakuwa na kurudia, na santuri ikatoka hivyo hivyo.

Mji ulipousikia wimbo haukucheka. Ulijikwaa. Wachezaji walikuwa wanakwenda vizuri, mguu huu, mguu ule, na tarumbeta lilipoingia bila hodi miguu yote ikapotea, watu wakashikana wasianguke. Wiki iliyofuata walijikwaa kwa makusudi. Ukawa mtindo, ukaitwa Kijikwaa. Hadi leo watoto ambao hawajawahi kuona santuri wanaujua: mguu unajifanya umegonga kizingiti, mwili unakwenda mbele, mkono unamdaka aliye karibu. Harusini watu walionuniana huwekwa makusudi bega kwa bega, kwa sababu huwezi kucheza Kijikwaa bila kumshika mtu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mashakani asubuhi ile, pamoja na meno.

*

Kamati ya Tamasha la Urithi wa Muziki iliingia nyumbani kwa Mapema ikiwa na watu wawili na nusu. Alikuwapo Mwenyekiti, mwenye tai na sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti hata mezani kwake. Alikuwapo Fundi Sauti, kijana mwenye waya shingoni. Nusu ni Karani, binti wa nyumba hiyo hiyo, ambaye kwenye ofisi ya kamati alikuwa kibarua na hivyo alihesabiwa pale alipohitajika kubeba kitu. Siku hiyo alibeba sanduku refu. Alikuwa amevaa fulana ya tamasha, na kifuani palichorwa tarumbeta.

Mke wa Mapema, ambaye ni mshonaji, aliondoa vitambaa vya wateja kwenye makochi. Mjukuu, mtoto wa Karani, msichana mwenye adabu aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alimletea Mwenyekiti kiti kizuri kuliko vyote. Kwamba mguu mmoja wa kiti hicho ulikuwa umefungwa kwa kamba ni jambo ambalo Mjukuu, kwa ujana wake, hakulijua.

"Mzee wetu," alianza Mwenyekiti, kiti kikalia kwiii, akajikaza. "Mzee wetu, Jumamosi ndiyo siku yako. Mji mzima utasimama kukuheshimu."

"Wakae," alisema Mapema. "Wakisimama watanifanya na mimi nisimame."

"Utasimama kidogo tu, Mzee. Kwenye jukwaa, mbele ya ukumbi. Wimbo utapigwa, na wewe utakuwa umeshika tarumbeta."

"Nitapuliza?"

Mwenyekiti alimtazama Fundi Sauti. Fundi Sauti alitazama waya wake. Karani alitazama glasi dirishani.

"Hakuna haja ya kujichosha," alisema Mwenyekiti. "Utaweka mdomoni, utachezesha vidole. Sauti itatoka kwenye spika. Hata wakubwa wanafanya hivyo siku hizi."

"Wakubwa gani?"

"Wakubwa, Mzee. Kijana, msikilizishe."

Fundi Sauti alitoa simu, akaiweka juu ya cherehani. Wimbo ukaanza, na lazima tuseme kweli, ulikuwa safi. Mikwaruzo yote imeondoka. Unasikia hata mpiga gitaa akivuta pumzi. Mshonaji alianza kutikisa kichwa. Mwimbaji akalishika neno lake la mwisho, akalivuta, akalivuta, akafika mwisho salama, akapumzika. Ndipo tarumbeta likaingia kwa adabu, kama mgeni aliyegonga mlango na kusubiri.

Kichwa cha Mshonaji kilikuwa kimeshatikisika mahali pake pa zamani. Akabaki nacho kimeinama upande, peke yake.

"Nani huyo?" aliuliza Mapema.

"Ni wewe, Mzee!" alisema Fundi Sauti, uso unang'aa. "Nimelisogeza. Lile kosa nimeliondoa. Imenichukua siku nzima."

"Kosa langu umelipeleka wapi?"

"Nimelifuta."

"Ulimwuliza nani?"

"Mzee," Mwenyekiti aliingilia, "tunao wageni kutoka miji mingine, na kuna Mgeni Rasmi. Wimbo huu utarushwa kila mahali. Hatuwezi kutangaza urithi wetu halafu mtu asikie tunaingiliana kama wanafunzi. Watasema hatujui muziki. Tumekusafishia jina."

"Jina langu ni Mapema," alisema mzee. "Ukilisafisha kitabaki nini?"

Mwenyekiti alicheka kama anayecheka na mtoto, akamwashiria Karani. Sanduku likafunguliwa. Ndani lilikuwamo tarumbeta jipya, linang'aa mpaka Mshonaji akajiona pua. La Mapema mwenyewe lilining'inia msumarini ukutani, lina bonde ubavuni tangu lilipoangukiwa na kabati.

"Lako limechakaa, halitapendeza kwenye picha," alisema Mwenyekiti. "Hili ni la kuazima."

Mapema alilishika, akaligeuza, akatia kidole kwenye mdomo mpana wa tarumbeta. Kidole kikagonga kitu laini. Akavuta. Kikatoka kipande cha tambara, kikafuatwa na kingine.

"Ni kwa ajili ya usalama," Fundi Sauti alieleza, akiona aibu kidogo. "Isije ikatoka sauti kwa bahati mbaya."

"Kwenye tarumbeta," alisema Mapema.

"Ndiyo, Mzee."

"Isije ikatoka sauti."

Mwenyekiti aliinuka, na kwa kuwa aliinuka kwa hasira kamba ilikatika, kiti kikalala chali. Alijipangusa suruali. "Karani, huyu ni baba yako," alisema mlangoni, bila kupunguza sauti. "Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, na unajua mimi ndiye ninayependekeza nani abaki. Hakikisha Jumamosi hakuna mchezo."

Mjukuu aliokota kiti akamwambia pole sana, Mheshimiwa. Sauti yake ilikuwa ya huzuni kubwa mno.

*

Msimulizi hakuwapo jikoni alasiri ya siku hiyo. Anajua yaliyosemwa kwa njia ambazo wasimulizi hujua mambo, na asiulizwe.

Karani alikuwa anaosha vyombo kwa nguvu ambayo vyombo havikustahili.

"Kusimama tu, Baba! Hujaambiwa uhame nyumba. Unasimama, unashika, unashuka."

"Nimeshika tambara."

"Basi shika tambara! Mimi kila siku nashika matambara pale. Nimewashikia mafaili, nimewashikia miavuli, juzi nimemshikia koti Mgeni Rasmi akaingia chooni. Umeniona nikigoma?"

"Sijakuona," alisema Mapema taratibu. "Nilitamani nikuone."

Mshonaji alikuwa mlangoni, sindano mdomoni, anashona mfuko kwenye koti la mumewe. Kila koti la Mapema lina mfuko mdogo upande wa moyo, na ndani hukaa kile kipande cha chuma cha kupulizia, kinachochomekwa kwenye tarumbeta. Hutembea nacho kila aendako. Wengine hubeba miwani.

"Mwambie," alisema Mshonaji.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie kwa nini uliingia mapema. Au nimwambie mimi, na mimi nitatia chumvi."

Mshonaji akatoa sindano mdomoni.

"Wanasema alilewa. Wengine wanasema alipendwa na mwimbaji wa kike wa bendi ya pili, na huyo namwachia Mungu. Siku ile ya studio, mwanangu, nilishikwa uchungu. Jirani akaenda kumwita. Hakuruhusiwa kuingia, wanarekodi. Akasimama kwenye kioo akamwonyesha tumbo, hivi, na kidole cha kukimbia."

"Na yule bwana anavuta neno," alisema Mapema. "Anavuta, hamalizi! Nikaona huyu atanizalia mtoto mimi sipo."

"Akapuliza ili wimbo uishe. Alifika hospitali na tarumbeta mkononi, muuguzi akamfukuza. Ulikuwa umeshatoka."

Karani alisimama na sahani inayodondosha maji.

"Kwa hiyo kosa lenyewe ni mimi."

"Wewe ni sababu," alisema Mshonaji. "Kosa ni la baba yako. Usimnyang'anye, hana kingine."

Kama ingekuwa hadithi ya kwenye redio, hapa Karani angelia na kuitupa fulana ya tamasha. Hakulia. Alifuta sahani, akaipanga, akafuta nyingine. "Miaka yote hii hamkuniambia."

"Ungejiona," alisema mama yake.

"Sasa mnaniambia nifanye nini? Kazi nyingine iko wapi? Na huyu ada yake inatoka wapi?" Alimwonyesha kwa kidevu Mjukuu, aliyekuwa nyuma ya mlango akisoma kitabu kwa bidii, kitabu kikiwa juu chini. "Baba, nakuomba. Kwa ajili yangu. Shika lile tarumbeta, usipulize, shuka."

Mapema aliifuata glasi yake dirishani. Kisha alivaa meno, jambo analofanya pale tu anapotaka kusema kitu rasmi.

"Kwa ajili yako niliwahi," alisema. "Kwa ajili yako nitanyamaza. Mfuko huo ushone hata hivyo."

*

Jumamosi mchana barabara ya mbele ya ukumbi ilifungwa. Palikuwa na jukwaa la mbao lenye pazia, mahema, na kamba ya kutenganisha watu na watu. Upande wa hema ilikaa feni kubwa ikimpepea Mwenyekiti na Mgeni Rasmi, na haikumpepea mtu mwingine hata kwa kupitia.

Mshonaji alisimamishwa kwenye kamba. "Mama, hapa ni wageni waalikwa," kijana alimwambia.

"Mimi ndiye niliyezaa siku ule wimbo unarekodiwa."

"Una kadi?"

"Ya kliniki," alisema Mshonaji, akaruka kamba kwa umri wake wote.

Jukwaani Mapema aliwekwa kando ya picha yake mwenyewe ya ujanani, iliyokatwa kwenye mbao, kubwa kumzidi mara mbili. Mpiga picha alimwomba asogee kidogo kwa sababu anaiziba. Mapema akasogea. Karani, chini ya jukwaa na mwavuli wa Mgeni Rasmi mkononi, aliliona hilo. Akahamisha mwavuli kutoka mkono huu hadi mkono ule.

Wakati huo Mjukuu alikuwa ameomba ruhusa kwenda chooni. Tunalitaja kwa ajili ya kumbukumbu.

Wimbo ukaanza. Spika zilikuwa kubwa kama makabati, na watu walipiga yowe tangu gitaa la kwanza. Nyuma ya kamba barabara nzima ilianza kucheza: wauza mboga, madereva, wanafunzi, mabibi waliovua viatu. Mapema aliweka tarumbeta la kuazima mdomoni, akatuliza uso. Ubeti ukafika mwisho. Mwimbaji akalishika neno lake, na kila mguu katika barabara ile ukajiandaa.

Watu wakajikwaa.

Wimbo haukujikwaa.

Kila mtu alikuwa amekwenda mbele na kumdaka jirani, na pale juu mwimbaji bado anavuta neno lake kwa starehe. Wakabaki wameshikana, hawajui wainuke au wabaki. Kisha tarumbeta likaingia kwa utaratibu, na waliokuwa wameinuka wakajikwaa tena, wakawagonga waliokuwa wameinama. Mama mmoja aliketi chini kabisa.

"Wameukata!" mtu alipiga kelele. "Kijikwaa kiko wapi?"

"Matapeli hawa! Rudisheni Kijikwaa!"

Na katikati ya kelele hizo sauti ikafa. Plagi ya mitambo, ile yenye mkanda wa bluu, ilikuwa imechomoka chini ya jukwaa.

Mapema hakujua. Vidole vyake viliendelea kucheza juu ya tarumbeta bubu, mashavu yamejaa, kwa muda ambao ulitosha barabara nzima kuona. Kijana mmoja alicheka. Halafu wakacheka wengine, si kwa ubaya sana, na huo ndio uchekaji unaouma zaidi. Mapema akashusha tarumbeta. Alimtafuta bintiye kwa macho, kama mtu anayesema: nimenyamaza kama ulivyoniomba, na ona.

"Ashuke," Mwenyekiti alikuja ukingoni mwa jukwaa akasema kwa meno yaliyobana. "Karani! Mshushe baba yako!"

Karani alipanda jukwaani. Alifika mbele ya baba yake. Wote walidhani anamshika mkono. Alichukua lile tarumbeta linalong'aa, akatia vidole ndani, akavuta tambara la kwanza, la pili, na la tatu, akayaangusha chini moja moja, Mgeni Rasmi akiyatazama.

"Kipo?" alimwuliza.

Mapema alipapasa upande wa moyo. Kilikuwepo. Alikichomeka. Kisha akatoa meno ya juu yasije yakaruka, akainama ukingoni mwa jukwaa, akamkabidhi mtu wa karibu amshikie. Mtu wa karibu alikuwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alipokea kabla hajajua anapokea nini.

Hatutadanganya kwamba alipuliza vizuri. Mdomo usio na meno hauna pa kukaza. Ilitoka sauti ya mbuzi aliyefungwa vibaya, ikapasuka, ikarudi. Lakini zilikuwa noti nne, na aliziachia ghafla, bila hodi, kabla mtu hajawa tayari.

Pa-pa-pa-paa!

Barabara ilimtazama. Na Karani, kibarua wa kamati, mwenye fulana ya tamasha na mkataba unaoisha mwisho wa mwezi, akajikwaa. Akagonga kizingiti kisichokuwepo, akaenda mbele mwili mzima, akamdaka baba yake kiunoni.

"Tena, Baba!"

Akapuliza tena. Safari hii barabara yote ilikwenda mbele. Hawakuhitaji spika, wimbo walikuwa nao wenyewe, wakauimba kutoka mwanzo, na walipofika kwenye neno la mwisho la ubeti walilivuta kwa makusudi, kwa ukaidi, wakimchokoza, mpaka yeye akawakatiza. Kamba ilikanyagwa. Mshonaji alimdaka yule kijana wa kadi. Mgeni Rasmi, aliyekuwa amesimama ili aondoke, alijikuta amemshika bega mwuza mboga. Mwenyekiti peke yake hakucheza. Angeshika mtu kwa mkono gani, na meno anayo?

*

Jumapili Mwenyekiti alimpigia Karani simu: Jumatatu asije. Jumatatu Karani akaenda. Alivaa fulana ile ile. Mlinzi wa geti alipomwona alijikwaa kidogo akifungua, akamdaka, wakaingia. Akakaa mezani pake. Mwenyekiti alipita mara kadhaa, akafungua mdomo, akasikia mtu huko ukumbini anapiga mluzi wa noti nne, akaufunga. Mkataba wa Karani bado unaisha mwisho wa mwezi. Amesema siku hiyo pia atakwenda, na siku itakayofuata. Fundi Sauti naye alikuja nyumbani kuomba radhi, akaurudisha wimbo ulivyokuwa, na mikwaruzo yake.

Nani aliyechomoa plagi? Mji mzima unamsifu. Wanasema ni shujaa, mtu aliyepima sekunde yenyewe ili mzee apate nafasi. Historia haitamjua kamwe.

Hapa ndipo msimulizi alipotaka kuweka nukta, kukunja karatasi na kuiita insha ya likizo. Lakini kuna kivuli kimesimama juu ya daftari tangu aya iliyopita.

"Umejuaje kama ilikuwa na mkanda wa bluu?"

"Si kila mtu anajua, Mama?"

"Mimi sijui. Fundi Sauti mwenyewe ameniambia jana: anayejua rangi ya ule mkanda ni yeye aliyeufunga, na aliyechomoa. Na wewe ulikuwa chooni. Umeandika hapa, kwa ajili ya kumbukumbu."

Basi, Mwalimu, na iandikwe. Mjukuu ni mimi. Kiti pia ni mimi, na kamba niliifunga mwenyewe kwa fundo bovu. Plagi ni mimi, ila ushujaa sio. Nilikuwa nataka feni. Nilipanga kuichomoa Mwenyekiti akianza hotuba, nimwone anavyoloa mpaka tai imshike shingo. Chini ya jukwaa palikuwa giza, nikasikia watu wanapiga kelele, nikadhani ndiyo hotuba imeanza, nikavuta waya wa kwanza niliougusa. Waya siyo, na wakati siyo. Nilipochungulia, plagi ya mkanda wa bluu mkononi, nikamwona Babu anachezesha vidole na watu wanamcheka, nilitaka ardhi inimeze. Aliyemwaibisha ni mimi. Yaliyofuata ni yake na ya Mama.

Mama amesoma kwa sauti mpaka hapo. Ameketi. Sijui kama nitapigwa.

"Futa hiyo sehemu ya feni," anasema hatimaye. "Watu wanajua ilikuwa makusudi. Inapendeza zaidi hivyo."

Chumba cha pili kitanda kimelia, na sauti isiyo na meno imeanza kucheka mpaka inakohoa. "Mchumba! Kumbe na wewe uliingia mapema!" Halafu haicheki tena. "Mwambie mama yako haifutwi!"

Mama ananitazama. Ananipa kalamu.

Mwalimu, feni iko palepale.